Semina ya upatanisho huko Kadutu: kusamehe inafundisha vizuri, kusafisha jina haifundishi

Mkristo aliyeumizwa na Wakristo wenzake huambiwa mapema mno kwamba asamehe, na mara nyingi anayemwambia hajauliza hata kilichotokea. Kwa hiyo niliiendea kwa mashaka semina ya msamaha na upatanisho inayofanyika siku za Jumamosi katika ukumbi wa parokia moja ya Kiprotestanti hapa Bukavu, komini ya Kadutu. Wanakwaya wenzangu walikuwa wamenisingizia kwamba nimekula fedha za likelemba (mchango wa kupokezana), na hata baada ya daftari kukaguliwa na hesabu kuonekana imetimia, minong'ono haikukoma.

Semina inaongozwa na mchungaji mstaafu pamoja na mama mmoja mwalimu, na kusema kweli mama ndiye anayeibeba. Katika zoezi lake la kwanza kila mtu anaandika kwenye karatasi jambo alilotendewa, kisha mama anapita na kalamu nyekundu akikata kila neno linalodai kuujua moyo wa mwenzake. Kwenye karatasi yangu alikata "kwa wivu", akakata "walipanga kuniangamiza", akaacha "walisema mbele ya kwaya nzima kwamba nimeiba". Kilichobaki kilikuwa kifupi, lakini kizito kuliko yote niliyoandika mwanzoni, kwa kuwa hakuna ambaye angeweza kukikana.

Somo la Mathayo 18 ndilo bora kuliko mengine. Wahubiri wengi huutumia mfano wa mtumwa asiyesamehe, aliyeachiliwa na bwana wake deni la talanta 10,000 kisha akakataa kumwachilia mwenzake dinari 100, kuonyesha kwamba tunayodaiana sisi kwa sisi ni madogo tu. Mama alitukumbusha kwamba dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima, kama inavyoonekana katika Mathayo 20, hivyo dinari 100 ni jasho la zaidi ya miezi mitatu. Zikiwekwa kando ya talanta 10,000 ni kidogo, ila hakuna mbeba mizigo wa soko la Kadutu atakayeziita kidogo. Anayesamehe, basi, anaachilia deni la kweli. Tangu siku hiyo niliacha kujilazimisha kusema "si kitu", na ndipo nikaweza kumwendea dada aliyeanzisha maneno yale, tukiwa wawili tu kama mstari wa 15 unavyoagiza, bila kumtukana na bila kupunguza lolote.

Ninawapongeza pia kwa tangazo la asubuhi ya kwanza, kwamba aliyepigwa au aliyebakwa hataitwa kuketi meza moja na aliyemtenda, bali atasindikizwa hospitalini na kwa wanasheria. Katika mji wenye hospitali ya Panzi, inayojulikana kwa kuwatibu waliobakwa, sababu haihitaji kuelezwa.

Udhaifu unajitokeza siku ya kuwakutanisha wahusika. Mchungaji ni mpole na mwenye nia njema, lakini ana haraka ya kufikia maombi, na watu wakishakumbatiana anahesabu kwamba shauri limekwisha. Dada yule aliniomba radhi kwa machozi. Nimemsamehe, na tunaimba bega kwa bega katika sauti ya kwanza. Hata hivyo aliniomba radhi chumbani, ilhali alinisingizia mbele ya watu, na kijitabu cha semina hakina ukurasa hata mmoja unaoeleza jina lililochafuliwa hadharani linasafishwa wapi. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba upendo husitiri. Jibu hilo halitoshi, kwa maana Paulo alipomwona Petro huko Antiokia akijitenga na waamini wa Mataifa aliokuwa akila nao, alimkemea mbele ya wote, kama tunavyosoma katika Wagalatia 2. Tena hawakugusa kabisa habari ya mkosaji anapokuwa ni kiongozi mwenyewe wa kanisa, swali ambalo nadhani wengi ukumbini walikuja nalo.

Hakuna kiingilio, unachangia fotokopi tu. Wanaanza kwa kuchelewa, benchi hazina egemeo, na mvua ikipiga bati (mvua ya Bukavu haibishi hodi) masomo husimama.

Ninamshauri aende yeyote ambaye jeraha lake bado linamnyima usingizi, hasa kwa ajili ya masomo ya mama mwalimu. Anayetaka jina lake lisafishwe mbele ya watu aombe mapema kikao na wazee wa kanisa lake. Mimi nimekwisha kuomba, nao wamekubali kifanyike baada ya ibada, kwaya nzima ikiwepo.