Darasa la historia la Jumamosi, Ngamiani: kikao cha sifuri peke yake kinalipa nauli

Darasa hili hufanyika Jumamosi kuanzia saa kumi jioni mpaka Magharibi inapokaribia, kwenye chumba cha kukodi juu ya duka la nguo huku Ngamiani, Tanga. Kiingilio ni shilingi elfu tatu kwa kikao, unalipa mlangoni, na daftari unakuja nalo mwenyewe. Anayefundisha ni mwalimu mstaafu wa sekondari. Mzunguko uliopita mada yake ilikuwa madola ya Kiislamu na ustaarabu wa Wamaya wa Amerika ya Kati, nami niliufuata wote. Kazi yangu ni kuweka hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo mtanisamehe nikikaa sana kwenye namba.

Sisi watu wa pwani tumeambiwa tangu utotoni kwamba Baghdad ilikuwa mji wa elimu. Tunaitikia, tunajivuna kidogo, tunaondoka. Elimu gani, nani aliifanya, na aliifanyaje, hatuambiwi. Mwalimu huyu anakuambia, kisha anakuketisha uifanye. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika haya.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha kuinuka kwa madola yenyewe, na kilikwenda mbio: Mtume (s.a.w.) anafariki 632, Banu Umayya, ukoo wa makhalifa, wanakaa Damascus kuanzia 661, na kufikia 711 majeshi yao yameshaingia Hispania upande mmoja na Sindh, Pakistan ya leo, upande wa pili. Vita alivipitia haraka, nami nilishukuru. Alipotulia ni kwenye fedha. Khalifa Abd al-Malik, katika miaka ya 690, alifuta sarafu zenye sura za wafalme akatoa dinari zenye maandishi matupu, na Kiarabu kikawa lugha ya ofisi za serikali. Dola, alisema Mwalimu, haishikwi na upanga peke yake, inashikwa na karani. Jamani, mimi karani nilikaa wima. Akaongeza kwamba pwani yetu nayo ilipiga sarafu zake: shaba za Kilwa za Sultani Ali bin al-Hasan, zenye jina lake na maneno ya vina.

Kikao cha al-Khwarizmi, mtaalamu wa hesabu wa Baghdad, ndicho kilichonishika. Kwanza tulipewa wakati na mahali: ukoo wa Banu Abbas umeshika dola 750, al-Mansur anaanza kuujenga mji wa duara wa Baghdad 762, na al-Ma'mun, aliyetawala 813 hadi 833, analipa wataalamu wa kila dini kufasiri vitabu vya Kigiriki. Bingwa wa kufasiri vya utabibu, Hunayn ibn Ishaq, alikuwa Mkristo. Al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha al-jabr, yaani aljebra, enzi hizo, na sehemu kubwa yake ni hesabu za mirathi. Watu darasani walicheka kwa furaha, maana nani Tanga hajaona nyumba moja ikigombewa na warithi wanane? Alitaka kadhi, mfanyabiashara na mpima ardhi wapate jibu bila kubahatisha.

Kisha Mwalimu akatoa maboksi na mkasi. Swali lilikuwa la al-Khwarizmi mwenyewe: mraba mmoja na mizizi yake kumi ni sawa na dirhamu 39, je, mzizi, yaani upande wa mraba huo, ni ngapi? Tulikata mraba ambao upande wake hatuujui, tukauweka sakafuni. Ile mizizi kumi tukaigawa mara mbili, tukapata vipande viwili virefu, kila kimoja upana wa tano, tukavilaza kwenye pande mbili za mraba. Pakabaki kona tupu. Kona ile ni tano kwa tano, yaani 25. Ukiiziba, 39 na 25 zinakuwa 64, na mraba wa 64 upande wake ni nane. Toa tano, inabaki tatu. Fundi wa marumaru aliyekuwa karibu yangu alisema, "Mwalimu, hii kona mimi naiziba kila siku." Skuli nilikariri fomula ya maswali haya, nikafaulu mtihani, na kwa nini ifanye kazi sikuwahi kuambiwa. Pale niliona kwa macho yangu.

Mwalimu hakuacha watu waondoke wakidhani kila kitu kilianzia Baghdad, na kwa hilo namheshimu sana. Al-Khwarizmi aliandika kitabu kingine kuhusu namba za Wahindi, na hakuficha kwamba ni za Wahindi. Kanuni za kujumlisha na kutoa kwa kutumia sifuri Brahmagupta, mtaalamu wa Kihindi, alikuwa ameshaziandika mwaka 628. Kazi ya Baghdad ilikuwa kuzipokea, kuzitumia na kuzisambaza, mpaka Ulaya ikazisoma kwa Kilatini katika karne ya 12.

Sasa Wamaya. Mzee mmoja wa Mwambani alikuja na mfuko wa makombe ya baharini aliyoagizwa wiki iliyotangulia, na kila mtu akapewa makombe machache, kokoto na vijiti. Wamaya waliandika namba kwa alama tatu tu: nukta ni moja, mstari ni tano, na alama ya kombe ni sifuri. Namba zao zinapanda kutoka chini kwenda juu, na kila nafasi ni mara ishirini ya ile iliyo chini yake: moja, ishirini, 400, 8,000. Mwalimu akanigeukia: "Dada, mfuko wa saruji bei gani dukani kwenu?" Nikamwambia elfu kumi na sita na mia tano. "Haya, uandike."

Nilihangaika nao, kisha ukatulia. Chini kabisa kombe, hakuna mamoja. Juu yake kijiti kimoja, ishirini tano, yaani mia. Juu yake kokoto moja, mia nne. Juu kabisa kokoto mbili, elfu kumi na sita. Kokoto tatu, kijiti na kombe, bei ya saruji yote ipo sakafuni. Ukiondoa lile kombe kila kitu kinashuka ngazi moja na mfuko unauzwa shilingi 825. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya sifuri, mimi niliyeiandika maisha yangu yote. Na watu hawa waliitumia kwenye tarehe zao kabla ya Brahmagupta, bila kukutana na Mhindi wala Mwarabu, bahari nzima ikiwa katikati.

Kwenye kuhesabu siku walibadili nafasi ya tatu ikawa 360 ili ikaribie mwaka, na hesabu yao kuu ikaanzia mwaka 3114 kabla ya Kristo. Kwa hesabu hiyo tarehe 21 Desemba 2012 kilitimia kipindi cha 13 cha siku 144,000, ndiyo maana mitandao ikapiga kelele kwamba dunia inakwisha. Mwalimu alilimaliza kwa jambo moja: maandishi ya Palenque, mji wa Wamaya wa mfalme Pakal aliyetawala 615 hadi 683, yanataja sherehe ya mwaka 4772. Mtu anayepanga sherehe ya mwaka huo hajatangaza kiyama.

Ubaoni alichora mistari miwili ya miaka, mmoja juu ya mwingine, na naomba asiuache mchoro huo mzunguko ujao. Mwaka 776 Baghdad ina miaka 14, na huko Copán, mji wa Wamaya, wanaweka wakfu madhabahu yenye sura za wafalme wao 16. Mwaka 869 Tikal, mji mwingine wa Wamaya, inasimamisha jiwe lake la mwisho lenye tarehe, wakati Hunayn bado yu hai anafasiri. Mwaka 1258 Hulagu wa Wamongolia anaiteka Baghdad. Mwaka 1562 padri Diego de Landa anachoma vitabu vya Wamaya mjini Maní, na leo duniani vimebaki vinne tu. Darasa lilinyamaza. Mimi machozi yalinilenga, sioni aibu kusema.

Mwanafunzi mmoja aliuliza dola ya Wamaya ilitawaliwa na nani, akajibiwa vizuri kwamba haikuwa dola moja: ilikuwa miji mingi yenye wafalme wake, Tikal na Calakmul zikipigana vizazi na vizazi. Kama Kilwa, Pate na Mombasa, nilijiambia.

Safari ya magofu ya Tongoni ilifungia mzunguko, na inastahili. Pale msikitini, kwenye kuta za matumbawe na makaburi yenye nguzo, Mwalimu aliongea kuhusu chokaa, bidhaa ninayoiuza kila siku. Wazee wetu walichoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea. Wamaya walichoma mawe yao ya chokaa wakapaka mahekalu na viwanja, na chokaa hiyohiyo wakaichemshia mahindi kabla ya kuyasaga. Mahindi hayo, yaliyolimwa Mexico kwa maelfu ya miaka, Wareno ndio waliotuletea, na leo ni sembe yetu.

Kasoro zipo. Kikao cha Waosmani, dola ya Waturuki, alipewa kijana msaidizi, akasoma slaidi mwanzo mpaka mwisho: Konstantinopoli 1453, msikiti wa Süleymaniye 1557, basi. Sinan aliyeujenga alikuwa na ujuzi wa kulijaza darasa zima la mafundi, na sisi tulipewa tarehe. Fotokopi zilikuwa nyeusi, picha za misikiti hazionekani. Nauli ya Tongoni ilitangazwa siku yenyewe, wengine wakabaki. Na chati iliyobandikwa ukutani inasema Wamaya "walitoweka". Hapana. Miji ya kusini iliachwa, lakini Wamaya wapo, mamilioni, Guatemala na Mexico, wanazungumza lugha zao. Nilisimama nikalisema. Mwalimu alikubali palepale na akaahidi chati itashuka.

Mzunguko mpya unaanza baada ya mavuno ya machungwa Muheza, maana wasikilizaji wengi wako huko. Wanawake tuna upande wetu wenye feni, na kuna mapumziko ya kuswali Alasiri kwa ambao hawajaswali. Wenye watoto wa kidato cha kwanza na cha pili wawapeleke kwenye vikao viwili vya hesabu hata kama vingine hawavitaki. Waje mapema, viti vya mbele vinaisha, na makombe wabebe ya kwao.