TAHADHARI: jante za "kaboni" zinazouzwa hapa Lubumbashi, zipime na mizani mbele ya kulipa

Bandugu wa Lubumbashi, na ninyi wa Likasi na Kolwezi mnaotumaka makuta kwa telefone bila kuona kintu, naomba musome hii yote juu kesho inaweza kuwa mutoto yako njo yuko ndani ya gari.

Kuna mutu anapitisha picha ku WhatsApp, jante nyeusi zinang'aa, na ile mistari ya kusukwa kama mukeka, anasema ni kaboni ya kweli (ni kusema nyuzi za kaboni zilizosukwa na kushikwa na gundi, nyepesi kuliko metali) imetoka Dubai, nne kwa dola 1,400, lakini avansi ya 500 unatuma kwanza "juu batu bengine banazingojea". Mudogo yangu alizinunua mwezi wa kwanza kwa ile Harrier yake. Alikuwa amechanga ile feza karibu mwaka mzima, na yule muuzaji alimwambia gari itakuwa mwepesi, itakunywa esanse kidogo, itakimbia kama mupya. Siku ya kuzichukua nilikuwa pale pale, na hii njo inaniuma zaidi, juu mimi ni mukubwa wake na sikuona kintu. Jamaa alitoa sumaku mu mufuko, akaiweka ku jante, haikushika, akasema "unaona yaya, hii si chuma". Tukaamini. Bandugu, aluminiyumu nayo haishikake sumaku! Ile sumaku inakuonyesha tu kama si chuma, haikuambie hata kidogo kama ni kaboni.

Tulitembea nazo wiki saba hivi. Siku moya tunarudia toka Kasumbalesa, mvua ilikuwa inanyesha tangu asubui, ndani ya gari tuko batu bane na mama yetu nyuma na mutoto ya dada yangu wa miaka sita, tunafika karibu na muji kukawa kitundu kimejaa maji, huwezi kujua kama kinaenda chini namna gani. Tukasikia pah, mara moya tu, usukani ukavuta kuume na pine ya mbele ikaisha mupepe pale pale. Mungu alisaidia hakukuwa kamiyo mbele yetu, juu munajua ile barabara na makamiyo ya minerai.

Ku kwado njo tuliona ukweli. Kijana alitoa pine, akapitisha kidole kando ya tundu la valvu, akaona karatasi inanyanyuka. Akaivuta na ukucha pole pole, ikatoka nzima nzima kama ngozi ya maziwa iliyopoa, na ile mistari yote ya "kaboni" ikabaki mu mukono yake. Chini yake kulikuwa mastiki ya rangi ya majivu, ile ya kuzibia karoseri. Chini ya mastiki, sudire ya zamani inazunguka ukingo wa ndani karibu urefu wa kiganja, na mupasuko mupya ulianzia pembeni ya ile sudire. Kijana akaniangalia, akasema tu: "Yaya, hii jante ilikufa zamani, baliivalisha."

Tukafungua zile zingine tatu siku ile ile. Mbili zina sudire, moya ilikuwa imepondeka tu na baliijaza mastiki. Tukapeleka moya kwa mama anayeuza bunga jirani yetu, tukaiweka ku mizani yake: kilo 11 na kidogo. Jante ya aluminiyumu ya kawaida ya namba 17 iko na kilo 9 ao 10 hivi, kumbe hii "nyepesi" inapita hata ile ya kawaida.

Musione sudire kama kintu kidogo. Jante nyingi za aluminiyumu zinapikwa na moto wa kupima kiwandani ili ziwe ngumu, sasa ukiweka moto wa sudire pale ukingoni unaharibu ule ugumu kandokando, ile nafasi inalegea, na siku ya kitundu inapasukia pale pale. Na mastiki haina nguvu yoyote, inaficha tu. Mutu anayefanya vile anajua kabisa anafanya nini, hii si kosa la mutu asiyejua kazi.

Jante za kaboni za kweli ziko, sikatae. Ford walizitia ku Mustang Shelby GT350R mu mwaka 2015, zilitengenezwa na kampuni Carbon Revolution ya Geelong kule Australia, kila moya kilo 8 hivi pahali ya 15 ya aluminiyumu. Kwa gari mzima wanasema walipunguza karibu kilo 27, ni kama kutosha mufuko moya wa bunga wa kilo 25, lakini unautosha ku magurudumu penyewe, pale uzito unasumbua zaidi kuanza, kufunga freni na kazi ya amortisere. Wale bainjinia walilazimika hata kupaka ndani tabaka ya seramiki juu ya moto wa freni, maana gundi inayoshika ile kaboni haipendi joto kali. Porsche nayo mu 2017 ilizitoa kwa toleo la pekee la gari yake 911 Turbo S, bei ilikuwa zaidi ya euro 15,000 kwa nne. Elfu kumi na tano! Sasa wewe unapewa kwa dola 1,400, ile tofauti inalipwa na nani?

Na hata kama mutu angekuletea za kweli, mimi nakushauri usiziweke kwa kutembea hapa kwetu. Si kwamba ni kama kioo, hapana, zile za kiwanda zinapigwa na kupimwa sana mbele ya kuuzwa. Shida ni kwamba aluminiyumu ikikutana na kitundu mara mingi inapinda, unaiona, unaisikia ku usukani, unaenda kuinyoosha ao unaitupa. Kaboni haipinde. Inakaa sawa ao inapasuka, na pengine inaachana ndani tabaka kwa tabaka huku inje inang'aa tu, mpaka ipimwe na mashini ya mawimbi ya sauti inayoona ndani, na hapa kwetu kwado gani iko na ile mashini? Ongeza na zile pine nyembamba banazovalisha juu ya jante kubwa, hazina mupira wa kupokea pigo, kitundu kinafika ku jante moya kwa moya. Kwa barabara za Katuba na Kampemba mu kipindi cha mvua, jante ya aluminiyumu nzima isiyoguswa, ao hata chuma, na pine yenye ukuta murefu, inakufikisha.

Kama bado unataka kununua jante yoyote ya okazio, omba uione bila pine. Angalia ndani, upande wa freni, na ndani ya matundu ya buloni na ya valvu, juu karatasi haifikake muzuri pale, utaona rangi ya metali. Angalia mistari ku kona: ile ya kuchapwa inavutika na kuwa mirefu pale jante inapinda. Tafuta maandishi ya saizi na uzito inaobeba, zetu zilikuwa zimezibwa na mastiki. Pitisha vidole ukingo wa ndani, macho yamefungwa, kinundu utakisikia. Na mizani, mizani, mizani. Muuzaji akikataa mizani, rudia nyumbani na feza yako.

Tulimupigia yule jamaa, mara ya kwanza akasema tulikimbiza sana, mara ya pili akasema jante si zake, kisha namba ikafungwa. Hii wiki picha zimerudi na namba ingine lakini ukuta wa nyuma ni ule ule, bloke zisizopakwa na ndoo ya buluu pembeni. Zile dola 1,400 za mudogo yangu sidhani zitarudi. Jante zote nne ziko ku parsele kwetu, hatukuzitupa, na moya tuliiacha karatasi imenyanyuka nusu ili mutu yeyote wa kwetu akitaka kununua aje kwanza aishike na mukono yake.