Uzoefu wangu: Makumbusho ya Majimaji, Songea, na kaburi lililo peke yake

Baba yangu alifundisha historia katika shule za sekondari kwa miaka 32, na katika muda wote huo alieleza Vita vya Majimaji, yaani vita vya wenyeji dhidi ya watawala wa Kijerumani vilivyoanza mwaka 1905, ubaoni bila kuwahi kukanyaga Songea, mji wa kusini mwa Tanzania. Baada ya kustaafu alilitaja jambo hilo mara nyingi, tena kwa masikitiko, hata Julai iliyopita nikaomba likizo, nikakata tiketi mbili za basi, nikamwambia ajiandae. Ninaandika ili atakayefunga safari kama yetu ajue anakwenda kuona nini, na hasa ajue ni muda gani autenge.

Kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe ni zaidi ya kilomita 900, na aliyezoea joto la Pwani asiidharau baridi ya nyanda hizo mwezi wa Julai. Basi letu liliharibika njiani, tukalala Njombe bila kupanga, na tulipofika Songea siku ya pili ilikuwa tayari alasiri. Kutoka katikati ya mji hadi eneo la Mahenge, yalipo makumbusho, ni mwendo mfupi wa bajaji. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo, hakimzuii mtu yeyote.

Mwongozaji wetu alikuwa dada kijana aliyemwamkia baba kwa kupiga goti kidogo, “Shikamoo mzee wangu,” kisha akamuuliza kama angependa kuanzia ndani au makaburini. Baba alijibu, “Marahaba mwanangu, tuanzie kwa wenyewe.” Ninamshukuru mpaka leo kwa jibu hilo, na ninamshauri kila mgeni afanye hivyo hivyo, kwa maana vitu vilivyomo ndani ya jengo vinasomeka kwa namna nyingine kabisa baada ya kusimama kwenye udongo ule.

Uwanja wenyewe si mkubwa. Kuna sanamu za mashujaa zilizopangwa nje, kuna kaburi la halaiki, na pembeni, kwa umbali wa hatua chache, kuna kaburi moja lililotengwa. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni mjini Songea na kuwazika katika shimo moja. Wanaokumbukwa hapa ni mashujaa 67, na majina yao yameandikwa. Kaburi la pembeni ni la Nduna Songea Mbano (nduna ni mtawala aliye chini ya mfalme), ambaye mji huu umebeba jina lake. Dada alituambia kwamba hakunyongwa pamoja na wenzake: kwa masimulizi ya wazee, Wajerumani walitaka kumbakiza hai kwa kuwa watu walimsikiliza, naye akakataa kuishi ilhali wenzake wameuawa, akanyongwa siku chache baadaye. Kisha akaongeza, kwa sauti ileile ya utulivu, kwamba katika kaburi hili kuna kiwiliwili tu. Kichwa kilikatwa, na inaaminika kilipelekwa Ujerumani.

Nilikuwa nimelisoma jambo hilo zamani, lakini sikuwa nimelifikiria nikiwa nimesimama mahali ambapo naweza kuliona kaburi lenyewe, urefu wake na upana wake, na kujua kwamba halikukamilika. Katika mila zetu maiti huoshwa, huvishwa, huelekezwa upande wake, na wenye msiba hujua kwamba wamemfikisha mtu wao. Ukoo wa Mbano umekaa zaidi ya karne moja bila kumfikisha mzee wao. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa, akakutana na wajukuu na vitukuu wa mashujaa hao, akaomba radhi kwa yale waliyotendewa wahenga wao, na akaahidi kwamba nchi yake itasaidia kukitafuta kichwa hicho. Kwa maoni yangu, kuomba radhi kule kulikuwa na uzito kwa sababu kulifanywa hapahapa, mbele ya kaburi na mbele ya ukoo, wala si katika ukumbi wa mikutano ng’ambo. Hata hivyo kaburi bado liko vilevile, na mgeni anayelitazama leo anatazama deni ambalo halijalipwa.

Ndani ya jengo kuna mikuki, ngao, marungu, vyombo vya nyumbani na picha za zamani. Si makumbusho ya kutembea nusu siku. Mtu mwenye haraka anaweza kuzunguka kwa dakika 20 na kudhani amemaliza. Mimi nilikwama mbele ya ngao moja ya ngozi ya ng’ombe. Ukiisogelea utaona kwamba ngozi imetobolewa tundu ndogondogo kwa mistari, kisha vipande vyembamba vya ngozi nyingine vikapitishwa humo, ndani na nje, kama anayesuka ukili. Ni kazi ya mikono yenye subira, na ni urithi wa kijeshi ambao Wangoni walitembea nao kutoka kusini mwa Afrika hadi Ruvuma. Ngao hiyo ilitosha kabisa mbele ya mkuki. Mbele ya bunduki za rashasha, ambazo wazee waliziita bombomu, haikuwa na la kufanya, na hilo ndilo lililowapata Wangoni huko Namabengo mnamo Oktoba 1905.

Hapo ndipo baba na mwongozaji walipoanza mazungumzo ambayo, kwangu mimi, yalikuwa na thamani kuliko kitu chochote kilichomo kabatini. Baba alieleza vita kama alivyozoea kuvieleza darasani: pamba iliyolimwa kwa shuruti, kodi, viboko vya maakida, wale wasimamizi waliowekwa na Wajerumani, kisha Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete wakaing’oa pamba hiyo, baada ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe kuwapa watu maji yaliyoaminika kuzigeuza risasi za Wajerumani ziwe maji. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu, “Mzee wangu, hayo ni ya Umatumbi. Hapa maji yaliletwa na mjumbe, na watawala walishauriana kabla ya kuyapokea.” Akatueleza habari za Omari Kinjala aliyeyaleta maji Ungoni, na za Nduna Mkomanile, mwanamke mtawala wa Kitanda, aliyempokea mjumbe huyo na ambaye naye alinyongwa kwa sababu ya vita hivi. Akaeleza pia juu ya Nkosi, yaani mfalme, Mputa Gama aliyepelekwa kitanzini, na Nkosi Chabruma aliyeendelea kupigana hadi alipovuka kuingia Msumbiji, ambako mauti yalimkuta. Baba alitoa daftari mfukoni akaandika. Miaka 32 alikuwa amewafundisha watoto kwamba “Wangoni walijiunga na vita”, sentensi moja, na sasa sentensi ile ilikuwa na watu ndani yake, wenye vyeo, wenye mashaka, waliobishana kabla ya kuamua.

Kuna jambo la tarakimu ambalo halijaniacha tangu siku ile. Wajerumani waliwahesabu watu wao waliokufa katika vita hivi kwa ukamilifu: Wazungu 15, askari wa Kiafrika 73 na rugaruga, yaani wapiganaji wasaidizi, 316. Upande wetu, makadirio ya utawala wao yalikuwa watu 75,000, ilhali wanahistoria waliokuja baadaye walifikisha kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti kati ya makadirio hayo mawili ni karibu watu laki mbili, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Majeshi ya Götzen, gavana wa Kijerumani, yalichoma maghala, yakaharibu mashamba na kuchukua mifugo kwa makusudi, mpaka njaa ikamaliza kazi ambayo bunduki hazikuimaliza. Bibi aliyekufa porini akitafuta mizizi ya kumlisha mjukuu hakuandikwa popote. Ndiyo maana ile orodha ya majina 67 iliyoko nje si kitu cha kupita na kupiga picha. Katika msiba ambao hata maelfu ya waliokufa hayajulikani vizuri, hawa wachache wanaweza kuitwa mmoja mmoja.

Yapo mambo machache ya kujiandaa nayo. Usiende peke yako ndani ya jengo. Omba mwongozaji na umpe nafasi ya kueleza, kwa kuwa sehemu kubwa ya yale niliyoyaandika hapa nimeyapata mdomoni mwake, na masimulizi ya koo hayaenei kwenye kibao cha maelezo. Ukiwa na watoto, wa darasa la tano na kuendelea wataelewa, lakini zungumza nao kwanza juu ya kunyongwa, kwa sababu mahali hapa hapafichi. Picha za wafungwa waliofungwa minyororo shingoni zilimnyamazisha kijana wa kidato cha pili tuliyemkuta pale na shangazi yake, na shangazi hakumharakisha, alimwacha atazame hadi alipogeuka mwenyewe. Anayeweza kuchagua wakati wa safari afikirie siku za mwisho za Februari, ambapo kumbukumbu ya mashujaa hufanyika kila mwaka na mji hujaa. Sisi tulipendelea utulivu wa Julai, wakati vilima vya Matogoro vinapoonekana wazi na uwanjani hapakuwa na watu zaidi ya sita.

Aliye na siku ya ziada aende Peramiho, mwendo usiozidi saa moja kwa gari, ambako Wabenediktini walianzisha misheni yao kabla ya vita na ambako misheni hiyo ilichomwa mwaka 1905. Dada alitukumbusha kwamba baadhi ya waliohukumiwa kunyongwa walibatizwa na padri gerezani kabla ya siku yao. Baba ni Mkristo, na habari hiyo ilimkaa moyoni. Alikaa kwenye benchi kwa muda mrefu akiwaza, nami sikumuuliza anawaza nini.

Muda wa kufunga ulipofika tulikuwa bado kwenye majina. Baba hakutaka kuyasoma kwa macho tu. Alikuwa ameanza kuyatamka, taratibu, akifuatisha kila mstari kwa kidole bila kuligusa jiwe, na alipolikosea jina la Kingoni dada alilitamka vizuri naye akalirudia. Tuliombwa radhi kwamba lazima lango lifungwe, nasi tukaomba radhi kwa kuchelewa kufika. Nilidhani yamekwisha, kwa kuwa tiketi zetu za kurudi zilikuwa za kesho yake asubuhi. Usiku, katika nyumba ya wageni, baba aliniambia, “Mwanangu, tumewaacha wengine hatujawaita.”

Asubuhi nilikwenda kubadilisha tiketi. Saa tatu tulikuwa langoni tena, na dada yuleyule alitufungulia bila kutudai kiingilio cha pili. Jua la baridi lilikuwa limeanza kupiga kwenye kaburi la halaiki. Baba alivua kofia, akatafuta mstari alioishia jana, akaendelea kutoka hapo hadi jina la mwisho, kisha akatembea zile hatua chache hadi kwenye kaburi la peke yake na kulitamka jina la Songea Mbano mara mbili.