Pirolusiti na hausmaniti: oksidi mbili za manganisi

Ukishika pirolusiti, mara nyingi vidole hubaki vyeusi kama umeshika mkaa. Ni madini ya MnO2, yaani metali ya manganisi iliyoungana na oksijeni, yenye manganisi takriban asilimia 63. Huundwa karibu na uso wa ardhi, pale hewa na maji vinapoyafikia madini mengine ya manganisi. Hausmaniti, Mn3O4, ina manganisi asilimia 72, nayo hupatikana zaidi kwenye miamba iliyopitiwa na joto. Fuwele zake nzuri ajabu hutoka N'Chwaning, Afrika Kusini.

Kwa macho, zote ni nyeusi. Zikwaruze kwenye kigae kisicho na mng'aro: pirolusiti huacha mstari mweusi, hausmaniti wa kahawia-nyekundu. Kipimo hiki nakiamini kuliko rangi ya jiwe lenyewe.

Anayetafuta manganisi nyingi achague hausmaniti. Mimi huvutiwa zaidi na pirolusiti, kwa sababu oksijeni yake ya ziada hufanya kazi kubwa. Mwaka 1774 mkemia Scheele aliichanganya na asidi ya hidrokloriki akapata gesi ya klorini. Watengeneza vioo nao waliitumia kuondoa ukijani unaoletwa na chuma. Ikichomwa hewani hadi nyuzi 1000 za Selsiasi, hupoteza oksijeni na kubaki Mn3O4, kemikali ileile ya hausmaniti.