Uzoefu wangu na mfumo wa kubana dizeli kwenye richistaka, Dodoma

Ninasimamia mashine katika yadi ya makontena eneo la Kizota, na kabla ya kiangazi tulifunga mfumo wa kubana matumizi ya dizeli kwenye richistaka yetu, mashine ya kunyanyua na kupanga makontena yenye uzito wa takribani tani 70, inayoweza kunyanyua tani 45 katika safu ya kwanza, yaani ile iliyo karibu nayo zaidi. Mfumo una sehemu mbili: programu inayopunguza mizunguko ya injini, na kizimio kinachozima injini ikikaa kwenye sailensa, yaani ikiunguruma bila kazi, kwa dakika tano.

Wiki ya pili nilikaribia kuurudisha, kwa sababu kipimo kilionyesha kwamba lita zinazotumika kwa saa zimepanda. Nilipokaa na opereta wetu wa siku nyingi tukapitia daftari la zamu, tuligundua kwamba kosa lilikuwa kwenye hesabu yetu. Zamani saa nyingi zilikuwa za kuunguruma tu tukisubiri malori, na kwa kuwa injini iliyo kwenye sailensa hunywa kidogo, saa hizo zilishusha wastani na kutufanya tuamini kwamba mashine haili mafuta. Kizimio kilipoziondoa, zikabaki saa za kazi tupu na wastani ukapanda, ilhali dizeli tuliyojaza kwenye tangi ilipungua wiki hadi wiki kwa kazi ileile. Tangu siku hiyo tunagawanya lita kwa idadi ya makontena yaliyohamishwa, na ninamsihi kila anayefikiria kununua aanze hesabu hiyo mwezi mmoja kabla ya kufunga chochote.

Jambo moja lilinikera kwa dhati: aliyetufungia hakutueleza kwamba injini yenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), ikitoka kwenye kazi nzito, inahitaji kupoa kwa dakika chache kabla ya kuzimwa, kwani mafuta ya kulainisha huungua kwenye beringi za turbo iliyo moto. Fundi wetu ndiye aliyetuzuia tusishushe muda wa kizimio hadi dakika moja.

Programu ya mizunguko inafaa kwa makontena matupu, ambayo kwetu ndiyo mengi yanayorudi Dar es Salaam. Tupu la futi 20 halifiki hata tani tatu, hivyo halihitaji nguvu yote. Kwa yaliyojaa, mkono wa mashine hupanda polepole mno na opereta huizima programu hiyo.

Vumbi letu la kiangazi nalo lina sehemu yake. Chujio la hewa likiziba, injini hukosa pumzi, hutoa moshi mweusi na kula dizeli zaidi, na hakuna programu inayotibu hilo. Tunalikagua kila asubuhi, pamoja na upepo wa matairi.

Kwa ajili ya kizimio ningeununua tena mfumo huu. Kama yadi yangu ingekuwa ya mizigo iliyojaa pekee, programu ya mizunguko nisingeilipia.