Kifurushi cha vipimo vya figo: dai vitu viwili kabla ya kulipa

Maabara nyingi za mjini sasa zina kifurushi cha figo. Ndani yake kuna kreatinini, yurea, sodiamu, potasiamu, kloridi, pengine asidi ya yuriki, na kijiti cha mkojo, kile kinachobadilika rangi kikichovywa. Orodha ni ndefu, lakini kwa mwenye sukari au presha anayetaka kuliwahi tatizo, mara nyingi inakosa mambo mawili ya msingi.

La kwanza ni eGFR, yaani makisio ya uwezo wa figo kuchuja. Kreatinini ni taka ya misuli, kwa hiyo namba yake peke yake inadanganya. Chukua majibu ya 110 µmol/L. Kwa kijana wa kiume wa miaka 25, CKD-EPI ya 2021, fomula ya kukisia eGFR, inatoa takriban 82 (mililita kwa dakika). Kwa mama wa miaka 60, namba ileile inatoa takriban 50, na chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu tayari ni ugonjwa sugu wa figo. Maabara inahitaji umri na jinsia tu ili kupiga hesabu hiyo, na haina sababu ya kuiacha. Majibu yakitoka bila eGFR, yarudishe dirishani waiandike.

La pili, na hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi hasa, ni uwiano wa albumini (protini ya damu) na kreatinini kwenye mkojo, unaoandikwa ACR. Chini ya 30 mg kwa gramu ni sawa. Kati ya 30 na 300 chujio limeanza kuvuja, nawe hujisikii chochote, na kreatinini inaweza kuwa bado nzuri kabisa. Hicho ndicho kipindi ambacho dawa na kudhibiti presha vinaokoa figo.

Kijiti hakitoshi kuziba pengo hilo. Mara nyingi hakioni uvujaji mdogo, na kinapima ukolezi tu: ukinywa lita nzima ya maji ukingojea foleni, mkojo unakuwa mwepesi na protini inasoma hasi. Halafu kuna mkono wa anayepima. Kijiti kinachovywa, kinatolewa, tone linafutwa kwenye ukingo wa kikopo, na kibandiko cha protini kwa vijiti vingi kinasomwa sekunde 60 baadaye. Kikiachwa mezani dakika tano, rangi inageuka na majibu yanapotoka. Kopo lililoachwa wazi nalo huharibu vijiti vyote, hasa kwenye unyevu wa pwani.

Kwa ACR peleka mkojo wa kwanza wa asubuhi, ule wa katikati: mwanzo wake uumwage, kisha ndipo ukinge. Usipime ukiwa kwenye hedhi, una homa au UTI, wala siku moja baada ya mazoezi mazito. Usiku wa kuamkia kutoa damu acha nyama, maana nyama iliyopikwa hupandisha kreatinini kwa muda. Anayetumia Septrin aseme, kwa kuwa nayo huipandisha bila figo kuumia. Mtu mwenye misuli mikubwa sana, au aliyekonda sana, aombe sistatini C, kipimo kingine cha damu cha figo, kisichotegemea misuli kiasi hicho.

Yurea hupanda kwa ukavu wa mwili na mlo wa protini nyingi, kwa hiyo haina uzito peke yake. Asidi ya yuriki waachie wenye gauti.

Potasiamu ina thamani, ila ndiyo inayoharibika kirahisi zaidi. Damu ikivutwa kwa nguvu kwenye bomba la sindano, au ikikaa saa nyingi kabla ya kuzungushwa kwenye sentrifuji, chembe nyekundu huvujisha potasiamu yake na majibu yanatoka juu. Hata hivyo, potasiamu ya 6.5 mmol/L usiipuuze kwa kuwa unajisikia mzima: rudia siku hiyohiyo, hospitalini, maana ikiwa ya kweli moyo unaweza kusimama.

Kijiti kikionyesha damu kwa mtu wa Kanda ya Ziwa au pwani, kabla ya kuilaumu figo tafuta kichocho. Mkojo wa kutafutia mayai yake utolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati yanapotoka kwa wingi.