Kamera ya video ya kukupa picha mnato kali: ipi uchukue, ipi uiache

Mwaka juzi nilirekodi harusi Ngamiani hapa Tanga, baba wa bibi harusi anamkabidhi binti kwa mumewe, mara akajifuta machozi kwa mkono wa kanzu, sekunde mbili tu, na mpiga picha mnato yuko nje anabadilisha betri. Ikabaki kwenye video yangu peke yake. Wiki ya pili mama wa bibi harusi akanifuata, mwanangu nitolee hiyo picha moja, saizi ya A4, niitundike ukutani. Nikaisimamisha video pale pale, uso unaonekana lakini mkono umekuwa kama moshi na ukingo wa kanzu una meno meno kama kitana. Nikampelekea hivo hivo, akapokea kwa shukrani, ila mpaka leo nikipita ile nyumba roho inaniuma. Duka lililoniuzia ile kamera liliniambia Full HD inatosha kwa kila kitu, na mimi sikujua cha kuuliza, ndo maana naandika haya ili wewe ujue.

Yale meno yanatokana na herufi i. Video ni picha nyingi zinazofuatana, kila moja inaitwa fremu, na kamera ikiandika 50i maana yake kila fremu imekatwa nusu mbili, mistari ya witiri inapigwa kwanza, ya shufwa inafuata baada ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde, sasa kama mkono umesogea hapo katikati zile nusu hazikutani tena. Unataka p, yaani 25p au 50p, fremu nzima kwa mkupuo mmoja. Na ule moshi ni kosa la shuta, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, sio la rezolusheni, yaani wingi wa nukta, kamera ukiiacha ijiamulie ndani ya ukumbi inakaa kwenye 1/50, na mtu anayepiga makofi kwa 1/50 hana vidole. Nje mchana, Raskazone au mechi Mkwakwani, weka 1/250 au zaidi. Ndani chini ya taa za umeme jaribu 1/100, kwasababu umeme wetu ni hezi 50 na taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, ukienda kasi nyingine unaweza kuona michirizi inapita kwenye picha. Ila ujue ukitoka 1/50 kwenda 1/250 mwanga unaoingia unabaki sehemu moja ya tano, kwahiyo bajeti ya kamera ni pamoja na taa. Kamera isiyokuruhusu kuweka shuta kwa mkono usiinunue kwa kazi hii, hata ikiwa ya bure.

Haya, rezolusheni. Full HD ni 1920 kwa 1080, pikseli (nukta za picha) milioni mbili tu. 4K ni 3840 kwa 2160, milioni nane na kidogo. Ukijaza A4 kwa fremu ya 4K unapata karibu nukta 260 kwa inchi, hiyo ni picha ya ukutani kabisa, ya Full HD inakupa kama 130 na ukisogea karibu inaanza kulegea. Zile za kanda za MiniDV ni 720 kwa 576, zinafika 70 hivi, hizo waachie wanaotaka kuhamisha kanda za zamani tu.

Namba moja kwangu ni Sony FDR-AX100 ya mtumba. Ilitoka 2014, lakini sensa yake, kile kipande kinachopokea mwanga, ni ya inchi moja, na ukumbini usiku hapo ndo tofauti inapoonekana. Ina zumu ya kweli, ya lenzi yenyewe, mara 12, ina vichujio vya kupunguza mwanga ndani, inarekodi 4K kwa 25p. Hakikisha programu yake imesasishwa ili irekodi megabiti 100 kwa sekunde badala ya 60, hili ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana kamera haihifadhi kila fremu kamili, inahifadhi moja nzima alafu zinazofuata inaandika yaliyobadilika tu, sasa wakirusha maua ukumbi mzima ukatikisika na biti, yaani data inayoandikwa, ni chache, fremu inajaa viboksi. Udhaifu wake, ukiizungusha haraka nguzo zinalala upande, kwahiyo tulia. Mwenye pesa achukue AX700, ndugu yake wa 2017, fokasi yake inashika uso haraka zaidi na ina nafasi mbili za kadi.

Ya pili sio kamera ya video hasa, ni ya picha mnato inayorekodi video pia, Panasonic Lumix G7 ya 2015. Hii ina hali maalumu ya 4K ya kutoa picha, fremu 30 kwa sekunde unachagua unayoitaka hapo hapo kwenye kamera, na lenzi unabadilisha. Kama kazi yako ni picha kwanza video baadae, ipandishe iwe ya kwanza. Nimeiweka pili kwasababu baadhi ya matoleo yanakata video kabla ya nusu saa, na shehe akianza mawaidha huwezi kumwambia asubiri.

Ya tatu Sony FDR-AX53, zumu mara 20, haitikisiki, mchana safi sana, usiku sensa yake ndogo inatoa chenga. Nne simu nzuri yenye 4K, ikiwa na programu ya kushika shuta, ila nyingi zumu yake ya kweli ni fupi au hamna. Kamera ndogo za Full HD kama Canon Legria HF R806 nimeziweka mwisho, picha za albamu ndogo sawa, ukutani hapana.

Kwenye kuitoa picha ndani ya video watu wanapoteza pesa bure. Vile vidude vya bei rahisi vya HDMI vya kuchomeka USB, vya kuunganisha kamera na kompyuta, vimeandikwa 4K kwenye boksi lakini nyingi zinapokea 4K zinakutolea Full HD iliyobanwa, huna unachohitaji hapo. Toa kadi, hamisha faili lenyewe. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, simamisha, bonyeza E usogee fremu moja moja mpaka macho yafumbuke vizuri, alafu Shift na S, inatunza fremu hiyo kama faili la picha la PNG. DaVinci Resolve ya bure, programu ya kuhariri video, nayo inafanya, na rangi unarekebisha humo humo. Kadi iwe na alama ya V30, inayoonyesha kasi yake ya kuandika, kwa megabiti 100 saa moja inakula kama GB 45.

Ukienda kununua, hata kama ni Kariakoo, beba khanga. Itundike hatua tano hivi, mwambie muuzaji aitikise, rekodi, simamisha, kama jina la khanga linasomeka fremu nyingi basi hiyo mashine ni ya kazi. Kisha mulika tochi ndani ya lenzi, ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui hiyo ni fangasi, irudishe. Hewa yetu ya pwani ndo inaileta, yangu nailaza kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, na kila Jumapili naitoa naiwasha nusu saa.